Mluzi wa Sroka

Jeremi Kostur alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu akiwa amekumbatia mtungi wa supu kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Mikono haikuwa na nafasi ya kubisha hodi, kwa hiyo aligonga mlango kwa ncha ya kiatu.

"Shemeji! Fungua kabla haijamwagika. Mke wangu ameniapiza mpaka kizazi cha nne."

Bronka alifungua, akashukuru, akaupokea mtungi na kuuweka jikoni. Ilikuwa supu ya unga uliochachuka, yenye soseji na yai ndani, na juu ya kifuniko mke wa Jeremi alikuwa amefunga kitambaa kisafi ili joto lisipotee njiani. Bronka alikiona kitambaa kile. Alijua kwamba ni jambo jema. Alilijua kama mtu anavyojua kwamba nje kuna mvua, naye yuko ndani.

Ndivyo alivyokuwa tangu mumewe, Ludwik, afariki mwezi wa nne. Alifua, alipika, alilipia umeme, aliwaitikia watu. Majirani walisema, "Bi Bronka ni jiwe." Walikuwa wanamsifu. Lakini jiwe halijikazi. Ndivyo lilivyo tu.

Jeremi hakuvua koti. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akaitazama mashine ya kuchapia iliyokuwa dirishani chini ya kifuniko chake cha plastiki.

"Shemeji, nisamehe, lakini lazima nilitaje. Sroka bado ameshika usukani."

"Najua."

"Tangu mwezi wa nne, na sasa wa kumi na moja unabisha hodi. Wenzetu wananiuliza. Chombo hakiwezi kuendeshwa na marehemu."

"Najua, Jeremi."

"Jumamosi baada ya Siku ya Watakatifu tunakutana. Kama unaweza, mshushe wewe. Kama huwezi, si aibu, mimi nitamshusha. Nitamtafutia nyota inayopasuka. Nitampa hotuba ndefu. Ataondoka kwa heshima zote."

"Wewe kila mtu unamlipua."

"Kulipuka ni kifo safi," alisema Jeremi. "Hakuna kuuguza."

Kisha akatambua alichosema, maana Ludwik aliuguzwa majira yote ya baridi, na uso wake mpana ukaingia wekundu. Akainuka, akamimina supu kwenye bakuli yeye mwenyewe, akamwekea Bronka kijiko mkononi, na hakuondoka mpaka alipoona amekunywa kidogo.

Hapa lazima nieleze kuhusu chombo, la sivyo mtadhani watu hawa walikuwa wamerukwa na akili.

Zamani, walipokuwa vijana, watu kadhaa wa mji wa Toruń waliokuwa wakipenda kuandika hadithi za sayari na nyota walianza kukutana katika chumba cha juu cha jumba la starehe la wafanyakazi wa reli. Mchana walikuwa na kazi zao. Ludwik aliendesha tramu, Bronka aliuza dawa, Jeremi alifundisha hesabu. Jioni walikuwa wanatunga pamoja hadithi moja isiyokwisha, ya chombo cha angani kiitwacho Mbayuwayu. Na kwa kuwa hawakutaka kusumbuka kubuni majina, walijipakia wenyewe. Kila mwandishi alikuwa ndani ya chombo kwa jina lake la ukoo: Sroka rubani, Wrona mtunza bustani, Kostur mwenye mizinga, na wengine.

Sheria ilikuwa moja, nayo haikuvunjwa hata siku moja: mtu hajiandiki. Utawaandika wote, lakini yule mwenye jina lako utamwachia mwenzako. Walisema kwamba mtu akijiandika mwenyewe atajifanya shujaa na mwembamba.

Ludwik alikuwa Sroka, na Bronka aliendelea kuandika kwa jina la kwao, Wrona. Kwa lugha yao majina yote mawili ni ya ndege. Wrona ni kunguru, na Sroka ni binamu yake yule mwenye baka jeupe, anayesifika kwa kuiba vitu vinavyong'aa. Siku ya harusi yao Jeremi alisimama na kuwataka wageni wahesabu vijiko kabla ya kwenda nyumbani.

Basi kwa maisha yao yote ya ndoa Bronka ndiye aliyemwandika Sroka, na Ludwik ndiye aliyemwandika Wrona. Hawakuwa watu wa kugombana kwa sauti. Ludwik akisahau kununua mkate, katika sura iliyofuata Sroka aliteleza kwenye mafuta ya injini mbele ya mabalozi. Bronka akinuna, nyanya za Wrona ziliingiwa na wadudu. Na siku Bronka alipompoteza mtoto, yule mmoja waliyewahi kumpata, Ludwik hakujua la kusema. Aliandika kurasa nzima ambamo Wrona anapanda mperemende katika bustani ya chombo, na rubani anawasha taa zote za chombo kizima ili mbegu zisione giza. Bronka alizisoma akiwa hospitalini. Hakuna neno lingine walilosemezana juu ya jambo lile, wala halikuhitajika.

Mwandishi akifa, kwa desturi mhusika wake hauawi, ingawa Jeremi hakuijali sana desturi hiyo. Anashushwa. Chombo kinatia nanga kwenye bandari fulani, yeye anatelemka na mzigo wake, mlango unafungwa, na kiti chake hakikaliwi tena. Anayemshusha ni yule aliyemwandika zaidi. Kwa Sroka, huyo alikuwa Bronka, na hakuna aliyetia shaka.

Jeremi alipoondoka, Bronka alifunua mashine, akaingiza karatasi, akaandika: *Mbayuwayu ilitia nanga.* Akakaa.

Hakuwa na wasiwasi juu ya bandari. Bandari alikuwa na uwezo wa kuzibuni hata akiwa usingizini. Shida yake ilikuwa nyingine. Wakati wa mazishi, Jeremi alizungumza kando ya jeneza, akasema Ludwik alikuwa mtu aliyepiga mluzi kwenye hatari, asiyependa supu ya bitiruti, aliyezaliwa katikati ya baridi na ndiyo maana hakuogopa baridi. Watu wote wa Mbayuwayu walitikisa vichwa kukubali, wakilia. Bronka naye alitikisa. Baadaye tu, akiosha vikombe, ndipo ilipomjia kwamba Ludwik alikunywa supu ya bitiruti kila Krismasi na kuomba tena. Asiyependa alikuwa Sroka.

Tangu siku ile alikuwa akijaribu kumchambua mumewe kama mtu achambuavyo mchele, huyu wangu, huyu wa karatasi, na kila mara mikono ilichoka. Alimkumbuka Ludwik akipiga mluzi gizani umeme ulipokatika. Je, hiyo ilikuwa nyumbani kwao au katika sura ya wale maharamia? Hakujua. Hilo ndilo lililomzuia. Akimshusha Sroka na kufunga mlango, na kama Ludwik pekee aliyebaki naye alikuwa yule Sroka, basi angerudi kwenye nyumba isiyo na mtu hata katika kumbukumbu. Na asipomshusha, Jeremi angemlipua.

Karatasi ilibaki na maneno yale matatu.

Siku ya Watakatifu Wote wifi yake alikuja kwa treni kutoka kijijini. Teodora alikuwa dada mkubwa wa Ludwik, mwanamke mfupi wa vitambaa viwili kichwani, kimoja cha heshima na kimoja cha baridi. Hakuweza kuja mazikoni kwa sababu ya mguu. Sasa alitelemka kwenye behewa na kikapu kilichojaa taa za mishumaa za kioo, na kabla hata ya salamu akamkagua Bronka juu mpaka chini.

"Wifi, umekwisha. Nguo zinakuvaa wewe."

"Nakula, wifi."

"Unakula nini, hewa? Shika hapa. La, huo mkono mwingine, huu nimeuweka kwa ajili ya bastola nitakayompigia dereva wa hiyo treni."

Walikwenda makaburini polepole, mguu mbovu wa mmoja ukiusaidia moyo mzito wa mwenzake. Siku hiyo mji wote huwa uko makaburini. Watu wamebeba maua ya njano, watoto wanakanywa wasikanyage, mishumaa inawaka kaburi hadi kaburi ingawa bado ni mchana. Mtu mmoja asiyewajua aliona mguu wa Teodora, akachukua kikapu bila kuuliza, akakipeleka mpaka mbele ya kaburi, akagusa kofia na kwenda zake.

Jiwe lilikuwa jipya. Lilikuwa limewekwa wiki chache tu kabla, kwa haraka, ili liwahi sikukuu. Teodora aliinama, akalipangusa kwa kiganja kama mtu anayepangusa uso wa mtoto, akasoma polepole kwa sauti. Jina. Kisha tarehe ya kuzaliwa. Akasoma tena.

"Wifi," alisema. "Huyu ni nani?"

"Ludwik."

"Ludwik gani aliyezaliwa Februari? Ndugu yangu alizaliwa wakati wa mavuno. Mama alikuwa shambani anafunga ngano, akaweka mundu chini, akamzaa chini ya mkokoteni. Mimi ndiye niliyekimbia kumwita bibi, na makapi yamenijaa nyweleni. Februari! Februari kwetu hata paka hawazai."

Bronka alilitazama jiwe. Tarehe tatu Februari. Ilikuwa siku aliyomwandika Sroka kwa mara ya kwanza, na kwa hiyo ndiyo siku ya kuzaliwa ya Sroka. Kila mwaka siku hiyo watu wa Mbayuwayu walikuja na keki ya jibini, wakaimba, na Ludwik alizima mishumaa akicheka. Siku yake mwenyewe ya mwezi wa nane ilipita kimya kwa kuwa wote walikuwa likizoni. Mchonga mawe alipomuuliza, Bronka alijibu bila kufikiri. Wenzake wote walishapita hapa na maua yao, na hakuna hata mmoja aliyeona kosa.

"Nimeandika ya yule wa hadithi," alisema. Sauti yake ilikuwa tambarare. "Nimemzika Sroka, wifi. Sijui Ludwik nimemweka wapi."

Mtu mwingine angemkaripia. Teodora alitazama jiwe, akamtazama wifi yake, na mabega yake yakaanza kutikisika. Bronka alidhani analia. Kumbe anacheka, kitambaa mdomoni, machozi yanamtoka.

"Uwiii, Ludwik! Hata kuzikwa umezikwa na siku ya kuzaliwa ya mtu mwingine!" Akajikaza. "Nisamehe, wifi. Yeye mwenyewe angecheka. Njoo tuwashe."

Akachukua taa kubwa kuliko zote, nyekundu, akaiweka mbele ya jiwe mahali pale pale palipoandikwa tarehe, hata mpita njia asingeweza kuisoma. Akairudisha nyuma kidogo, akainama kuhakikisha.

"Basi. Mpaka fundi atakapokuja kurekebisha barafu ikiyeyuka. Hakuna atakayejua, na anayejua atanyamaza."

Bronka alilitazama tendo lile. Wifi yake alikuwa amesafiri na mguu mbovu ili kumlilia ndugu yake, na jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kuficha kosa la mwingine. Kitu kidogo kilimgusa Bronka ndani, kwa mbali, kama mtu anayegonga ukuta wa nyumba ya tatu.

"Wifi, niambie," alisema. "Alikuwa anapiga mluzi, sivyo? Kwenye giza. Kwenye hatari."

"Nani?"

"Ludwik."

"Mluzi?" Teodora alinyooka. "Ludwik hajawahi kupiga mluzi tangu azaliwe! Alikuwa hawezi. Wavulana wote wa kijiji walipiga, wasichana tulipiga, yeye anakunja midomo hivi, anavimba mashavu, inatoka hewa tupu. Fffff. Tulimwita Mvukuto. 'Mvukuto, njoo utuwashie moto!' Alikuwa anajifunza zizini peke yake, wasikie ng'ombe tu. Ng'ombe nao walimcheka."

Bronka alisimama na njiti ya kiberiti ikiwaka mkononi.

Alikumbuka jikoni kwao, mwaka wao wa kwanza. Umeme umekatika. Bronka anaogopa giza, ingawa hajamwambia mtu. Ludwik yuko upande wa pili wa meza, haonekani, na kutoka kule inakuja sauti ya hewa. Fffff. Kimya. Fffff. Alikuwa anajaribu kumpigia mluzi, ili ajue yupo. Bronka alicheka mpaka akasahau giza. Kesho yake aliketi kwenye mashine na kumpa Sroka mluzi mzuri kuliko wote wa anga, zawadi kwa mume asiyekuwa nao.

Kwa hiyo mluzi ulikuwa wa Sroka. Hewa ilikuwa ya Ludwik.

"Wifi, kiberiti kinakuunguza," alisema Teodora, akampulizia moto ule vidoleni.

Asubuhi iliyofuata, Teodora akimenya viazi nyuma yake na kuvilaani visu vyote vya mjini kwa ubutu, Bronka aliandika. Hakulia. Vidole vyake vilikwenda tu, kama vilivyokuwa vikihesabu vidonge dukani miaka ile yote, bila furaha wala uchungu. Alipomaliza alitoa karatasi, akazipanga, akaenda kuonja viazi.

Jumamosi chumba cha juu kilikuwa na baridi, maana mabomba ya joto yalikuwa hayajafunguliwa. Watu wa Mbayuwayu, wazee karibu wote, walikaa na makoti yao. Dobrawa, mwandishi mdogo kuliko wote, aliyejiunga miaka michache tu iliyopita na kufanywa mganga wa chombo, alikuwa ameleta chai kwenye chupa na biskuti za tangawizi. Alimmiminia Bronka wa kwanza na kumsogezea kikombe kwa namna ambayo mkono wa Bronka ungekifikia bila kukitafuta.

Kiti cha Ludwik kilikuwa wazi. Bronka alivaa miwani, akasoma.

Katika hadithi yake Mbayuwayu ilitia nanga katika bandari ndogo isiyo na vita wala malkia, mahali ambapo watu wanavuna ngano. Rubani Sroka alikabidhi usukani. Aliaga kila mtu kwa jina. Alimkuta Wrona bustanini, hakusema neno, akamfungia kamba ya kiatu iliyokuwa imelegea. Kisha akatelemka ngazi na begi lake. Kule chini kulikuwa na giza. Aligeuka, akakunja midomo apige mluzi wa mwisho kwa wenzake, kama alivyofanya katika kila hatari.

*Ikatoka hewa tupu,* alisoma Bronka. *Akajaribu tena. Hewa. Wenzake walisimama mlangoni wakiisikiliza mpaka ikawa mbali, na waliisikia vizuri kuliko mluzi wowote. Mlango ukafungwa.*

Alivua miwani. Biskuti moja ilivunjika mdomoni mwa mtu.

"Shemeji," alisema Jeremi kwa upole, kama mtu anayemzuia mwenzake asivuke barabara. "Ni nzuri. Ni nzuri sana. Ila, Sroka anapiga mluzi tangu sura za mwanzo! Aliwakimbiza maharamia kwa mluzi! Wasomaji watasema umesahau."

"Sijasahau."

"Basi ni nini? Midomo imekauka? Hewa ya sayari ile ni nyepesi? Tuweke sababu, hata mstari mmoja."

"Hakuna sababu," alisema Bronka. "Hakuweza tangu mtoto. Mimi ndiye niliyempa. Nimeuchukua tena ashuke na kilicho chake."

Jeremi, mzee yule mwenye mizinga, aliyelipua nusu ya nyota za mbinguni, alikunja midomo yake na kupuliza taratibu, bila sauti. Fffff. Alikuwa anatafuta kumbukumbu.

"Kwenye tramu," alisema baadaye. "Mwaka ule wa theluji kubwa. Kengele iliharibika. Alikuwa anafanya hivi dirishani kuwatoa watu njiani. Nilidhani anapuliza ukungu kwenye kioo." Akatoa leso. "Jamani, tuliishi na mtu huyu."

Bronka alimtazama akilia. Alimsogezea chai. Yeye mwenyewe alikuwa bado ndani ya nyumba yake ya mbali, na mvua iko nje, lakini sasa alijua kwamba humo ndani hayuko peke yake. Kulikuwa na pumzi upande wa pili wa meza. Hilo lilimtosha kwa siku hiyo.

Waliokuwa wakiondoka walimshika mkono mmoja mmoja. Dobrawa alibaki kukusanya vikombe. Alivikusanya polepole mno, ila cha Bronka alikijaza tena kutoka kwenye chupa na kukiacha mezani.

"Mama Bronka," alisema mwishowe. "Kuna jambo sijui kama ni adabu kuuliza. Mwandishi wa Wrona alikuwa yeye. Sasa nani atakuandika?"

Bronka hakuwa amelifikiria hilo. Mtu hajiandiki. Kule juu, katika bustani ya chombo, Wrona alikuwa amesimama na kamba ya kiatu iliyofungwa vizuri, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumsogeza.

"Unataka wewe?"

"Naogopa. Nitakuharibu."

"Utaniharibu, ndiyo," alisema Bronka. "Yeye pia aliniharibu mwanzoni, alinifanya niimbe. Jaribu. Ila kwa sasa usimsemeshe. Usimlize wala usimfanye jasiri. Mwache akae."

Dobrawa alifikiri. Aliketi kwenye kona ya meza, si kwenye kiti cha Ludwik, akavuta karatasi iliyofungiwa biskuti, akailainisha kwa kiganja na kuandika kitu kifupi. Akamgeuzia Bronka akisome.

*Wrona aliketi kati ya miperemende. Mtu alimletea chai, akaiweka karibu na mkono wake, akaondoka bila kuuliza kitu.*

Bronka alisoma mara moja. Akakirudisha kipande kile, akachukua kikombe kilichokuwa karibu na mkono wake, na akanywa. Chai ilikuwa bado ya moto.